Jumatatu Baada ya Mabao Matano

Jioni ya Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023, Simba na Yanga zilikutana katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam kwa mchezo wa Ligi Kuu. Kennedy Musonda aliipatia Yanga bao katika dakika ya 3. Kibu Denis akaisawazishia Simba kabla ya dakika ya 10, na timu zikaenda mapumziko zikiwa sare ya bao 1 kwa 1. Hadi hapo ulikuwa mchezo wa watani kama mingine mingi iliyoutangulia. Kipindi cha pili kilileta jambo ambalo shabiki wa Simba hakulitarajia: Maxi Nzengeli alifunga mara mbili, Stephane Aziz Ki mara moja, na Pacome Zouzoua akakamilisha hesabu kwa mkwaju wa penalti. Matokeo yakasomeka Simba 1, Yanga 5. Siku mbili baadaye Simba iliachana na kocha wake, Mbrazili Roberto Oliveira, maarufu kwa jina la Robertinho.

Hayo yote yamo katika kumbukumbu za soka. Yasiyomo ni mambo ya Jumatatu iliyofuata, siku ambayo mamilioni ya watu waliamka, wakavaa, wakaenda kazini, na wengine wakaenda kliniki, huku wakijua kwamba njia nzima watakutana na viganja vilivyofunguliwa vikionyesha vidole vitano. Kadi ya mgonjwa haina nafasi ya kuandika jambo kama hilo. Huandikwa uzito, shinikizo la damu, sukari na dawa. Lakini moyo unaopimwa siku hiyo ni ule ule uliokuwa mbele ya runinga jana yake.

Msomaji amfikirie fundi seremala wa miaka 54, mtu wa kubuni lakini wa kawaida kabisa katika mitaa ya miji ya Tanzania. Ana shinikizo la juu la damu kwa mwaka wa sita sasa, na anameza vidonge vyake kila jioni baada ya chakula. Siku ya mchezo alikwenda mapema kwenye kibanda umiza ili apate nafasi ya mbele. Hakula, kwa sababu baada ya bao la tatu chakula hakikupita. Vidonge hamezi bila kula, kwa hiyo navyo vikabaki kwenye pakiti. Alikunywa bia mbili alizokuwa ameahidiwa na rafiki kwa ajili ya kusherehekea, kisha mbili nyingine za kujinunulia. Alilala saa tisa usiku, akiwa ameshika simu iliyojaa picha za kumkejeli kutoka kwa shemeji yake. Saa mbili asubuhi amekaa kwenye benchi la kliniki, na kifaa kinasoma 178 kwa 104.

Nini kimempandisha presha mtu huyu? Jibu rahisi ni kwamba amefungwa tano. Jibu hilo lina ukweli, lakini kwa mhudumu wa afya halitoshi, na kwa mgonjwa mwenyewe lina hatari ya kugeuka kuwa mzaha unaofunika mambo manne yanayotibika: kidonge kilichorukwa, pombe, usingizi uliokosekana na hasira isiyopata pa kutokea.

Kwamba mpira wa miguu unaufikia moyo si hadithi ya vijiweni. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006, madaktari wa Munich nchini Ujerumani walihesabu dharura za moyo zilizopokelewa katika eneo lao. Katika siku ambazo timu ya taifa ya Ujerumani ilicheza, dharura hizo zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Kwa wanaume zilikuwa mara 3.26, na kwa wanawake mara 1.82. Wengi zaidi walipatwa ndani ya saa mbili za kwanza tangu mchezo kuanza, na miongoni mwa waliopatwa siku hizo, karibu nusu walikuwa tayari wanajulikana kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2008.

Nchini Uingereza, watafiti waliangalia siku ya tarehe 30 Juni 1998, England ilipotolewa na Argentina kwa mikwaju ya penalti. Siku hiyo na siku mbili zilizofuata, waliolazwa hospitali kwa mshtuko wa moyo waliongezeka kwa asilimia 25. Utafiti mwingine, wa mwaka 2003, uko karibu zaidi na hali ya watani, kwa maana haukuhusu timu ya taifa bali klabu za mitaa ya kaskazini mwa England: Newcastle, Sunderland, Middlesbrough na Leeds. Siku ambazo klabu ya mji ilifungwa nyumbani, vifo vya wanaume kutokana na mshtuko wa moyo na kiharusi vilikuwa juu kwa kiasi cha asilimia 28. Kwa wanawake ongezeko hilo halikuonekana.

Haki inataka isemwe pia kwamba si kila utafiti umeona jambo hilo. Nchini Italia, watafiti walipochunguza waliolazwa kwa mshtuko wa moyo wakati wa mashindano makubwa ya mwaka 2002, 2004 na 2006, hawakukuta ongezeko. Kwa hiyo mwenye moyo mzima asiogope kutazama mpira. Anayepaswa kujihadhari ni yule ambaye moyo au mishipa yake tayari ina kasoro, na tatizo ni kwamba wengi wa watu hao hawajijui. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu duniani hawajui kuwa wanalo.

Njia inayotumika mwilini inaeleweka vizuri. Hofu, hasira na fedheha huamsha homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, mishipa hubana, shinikizo hupanda na damu huwa nyepesi kuganda. Katika mshipa wa moyo uliokwisha kujengeka mafuta ukutani, msukosuko huo unaweza kuyapasua, damu ikaganda juu ya mpasuko, na sehemu ya moyo ikakosa damu. Mwaka 2014, Brazil ilipofungwa na Ujerumani mabao 7 kwa 1 katika ardhi yake yenyewe, watafiti walikuwa wamechukua sampuli za mate ya mashabiki wa Brazil waliokuwa wakitazama. Kotisoli yao ilipanda, na iliyopanda zaidi ni ya wale ambao timu walikuwa wameifanya kuwa sehemu ya nafsi zao.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomgusa shabiki wa Simba au Yanga. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na hii ya pili iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971. Mtoto hurithi upande wake kama anavyorithi jina la ukoo. Hasemi kwamba anaipenda Yanga au anaipenda Simba; husema yeye ni Yanga, yeye ni Simba. Timu inapofungwa, aliyefungwa ni yeye.

Zaidi ya hapo, kipigo cha mtani kina uzito ambao kipigo cha mbali hakina. Mwingereza aliyefungwa na Argentina mwaka 1998 hakuamka kesho yake akakuta Waargentina wamejaa kwenye basi lake. Shabiki wa Simba aliyefungwa tano alimkuta mshindi kila mahali: kondakta wa daladala, muuza chapati, msimamizi wa kazi, mke wake, pengine hata mwanawe wa darasa la nne. Msukosuko ambao kwa wengine huisha na filimbi ya mwisho, kwake huendelea siku saba. Tena kipigo kile hakikutarajiwa. Mwezi Aprili 2023 Simba ilikuwa imeifunga Yanga mabao 2 kwa 0, na mwezi Agosti mwaka huo huo ikaitoa kwa penalti mjini Tanga na kuchukua Ngao ya Jamii. Shabiki aliyeingia uwanjani mwezi Novemba akiwa na kumbukumbu hizo alikuwa ameinuka juu, na aliyeinuka juu huanguka kwa kishindo.

Kutotarajia kuna madhara yanayovuka kifua cha shabiki mwenyewe. Mwaka 2011 wachumi wawili wa Marekani, David Card na Gordon Dahl, walichapisha uchunguzi wa taarifa za polisi uliolinganishwa na matokeo ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Timu ya nyumbani iliyotazamiwa kushinda ilipofungwa, ukatili wa wanaume dhidi ya wake na wenzi wao majumbani uliongezeka kwa takriban asilimia 10. Timu ilipofungwa katika mchezo ambao watu walijua utakuwa mgumu, ongezeko hilo halikuwapo. Katika mkoa wa Lancashire, England, uchunguzi wa michuano mitatu ya Kombe la Dunia, 2002 hadi 2010, ulikuta taarifa za ukatili wa nyumbani zikiongezeka kwa asilimia 38 siku ambazo England ilifungwa, na kwa asilimia 26 siku iliposhinda au kutoka sare. Takwimu hiyo ya pili isipitwe haraka, kwani inaonyesha kwamba kipigo si kisingizio. Anayempiga mkewe baada ya kufungwa ana uwezekano wa kumpiga hata baada ya kushinda, na katika siku zote mbili mara nyingi pombe inakuwapo.

Kwa sababu hiyo, nesi anayepokea mwanamke mwenye jeraha la uso asubuhi ya Jumatatu ya namna hii asikubali haraka maelezo ya kuteleza bafuni. Aulizwe faraghani, bila mume wala ndugu kuwapo, tena kwa maneno ya wazi. Akisema kilichotokea, kuna vituo vya mkono kwa mkono vilivyoko katika baadhi ya hospitali, ambako matibabu, ushauri na msaada wa kisheria hupatikana mahali pamoja, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi.

Yapo pia machungu ya mfukoni. Mkeka uliochanika kwa ajili ya mchezo mmoja unaweza kuwa ndio uliobeba ada ya shule. Mtu wa namna hiyo anaposema amefungwa, huwa amefungwa mara mbili, na aibu ya pili huificha zaidi kuliko ya kwanza. Mhudumu anayeuliza kwa upole, "Na mkeka je, uliweka?" huenda akafungua mlango ambao maswali ya kawaida ya kliniki hayaufungui.

Huzuni yenyewe, ile tupu, isiyo na pombe wala deni, nayo ipewe heshima yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 2018, kwa kutumia programu ya simu iliyowauliza watu hali zao siku nzima, kwamba maumivu ya kufungwa ni zaidi ya mara mbili ya furaha ya kushinda. Mtu mzima anayenyamaza mezani siku mbili baada ya kufungwa tano si mgonjwa na hastahili kuchekwa kwamba ni mpira tu. Kwa watu wengi giza hilo hupungua ndani ya siku chache. Lisipopungua, mtu akaendelea kwa wiki mbili au zaidi akiwa na huzuni karibu kila siku, halali, hali, hafurahii hata yale mengine aliyokuwa akiyapenda, basi hapo mpira umekuwa jina tu la jambo lingine, na anahitaji kuonwa. Akitamka kwamba heri afe, hata kama ametamka kwa sauti ya mzaha wa mashabiki, aulizwe moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandi mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu ya kuweza kulisema. Asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya.

Sasa turudi kwenye benchi la kliniki, kwa fundi seremala na presha yake ya 178 kwa 104. Nesi anayemwita ni Yanga. Kila mtu kliniki anajua, kwa sababu kalamu yake ina kamba ya njano na kijani. Anachokisema katika sekunde kumi za mwanzo kinaweza kuamua mambo mengi kuliko kidonge kitakachoandikwa.

Hapa ndipo neno "watani" linapodai maana yake kamili. Magazeti hulitumia kila msimu, watani wa jadi, mpaka limechujuka likawa sawa na mahasimu. Lakini utani katika jamii za Tanzania haujawahi kuwa uhasama. Utani wa Wangoni na Wahehe husimuliwa kuwa ulizaliwa na vita vyao vya karne ya 19. Ule wa Wanyamwezi na watu wa pwani huhusishwa na misafara ya biashara, wapagazi walipohitaji wenyeji wa kuwapokea njiani. Watu waliokuwa na sababu ya kuogopana walipeana ruhusa ya kutaniana, na ruhusa hiyo ilikuja na wajibu. Mtani ndiye anayekuja msibani, akawachekesha wafiwa hadi mjane akatabasamu bila kutaka. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe la kuchimbia kaburi, anayehudumia wageni, na anayebaki wengine wakiondoka. Aliyekuja kuchekesha bila kushika jembe hakuwa mtani, alikuwa mtu asiye na adabu.

Ukiutazama kwa jicho la tabibu, utani huo ni namna ya kumsaidia mtu kubeba pigo. Anayetaniwa na mtu wa karibu, mbele ya watu, kwa maneno yanayojulikana mipaka yake, hupewa nafasi ya kujibu, kucheka na kurudi kundini. Kejeli inayotumwa na mtu asiyejulikana kwenye simu saa nane usiku haina nafasi hiyo. Haina uso, haina jembe, wala haina mwisho. Ndiyo maana shauri la kwanza kwa fundi wetu lingekuwa dogo mno: simu izimwe usiku wa kipigo, na kundi la shemeji linyamazishwe mpaka Jumatano.

Basi nesi wa Yanga afanyeje? Akinyanyua vidole vitano kabla ya salamu, mbele ya wagonjwa wote, na mzee akacheka, huenda hakuna lililoharibika. Lakini huenda mzee akacheka kwa nje, kisha mwezi ujao asionekane. Mgonjwa wa shinikizo la damu haachi kliniki kwa barua. Huacha kimya kimya, na sababu anazotaja baadaye ni nauli na foleni. Nesi anayejua utani wake angeanza na, "Shikamoo, baba. Pole kwa ya jana." Naye mzee angejibu, "Marahaba, mwanangu. Ninyi mtatuua." Hapo mlango umefunguliwa na mgonjwa mwenyewe, na kilichosemwa kwa mzaha kinaweza kufuatwa kwa swali la kweli: "Usiku ulilala? Na dawa za jana je, ulimeza?"

Kisha kipimo kirudiwe. Mgonjwa akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo ukiegemea kiti, miguu ikiwa sakafuni bila kupishana, mkono ukiwa usawa wa moyo. Kama amekunywa kahawa ndani ya nusu saa iliyopita, asubiri. Akipimwa mara mbili au tatu kwa utulivu huo, si ajabu 178 ikashuka hadi chini ya 160, ambayo bado ni juu lakini inasimulia hadithi nyingine. Kuongeza dozi kwa kipimo kimoja cha asubuhi ya namna hii, kwa mtu aliyekesha, aliyelewa na aliyeruka dawa, ni kutibu matokeo ya mchezo. Kwa asiye na dalili za hatari, linalofaa kwa kawaida ni kurudi kwenye dawa zake zilezile na kupimwa tena baada ya siku chache. Aelezwe pia kwamba dozi aliyoiruka jana haifidiwi kwa kumeza mara mbili leo, na aulizwe kama dawa zake kweli zinahitaji chakula, kwa kuwa vidonge vingi vya presha vinaweza kumezwa bila kula, na wagonjwa wengi hawajaambiwa.

Jambo moja halisubiri Jumatatu. Ikiwa wakati wa mchezo au usiku wake mtu amebanwa kifua kwa dakika kadhaa, maumivu yakaelekea begani, mkononi, shingoni au kwenye taya, akatoka jasho jembamba, akakosa pumzi au akahisi kichefuchefu, hiyo ni dharura. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, maumivu yanaweza yasiwepo kabisa. Kukawa na uchovu wa ghafla na pumzi fupi tu. Ikiwa uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, huenda ni kiharusi, na mtu huyo asipewe maji wala uji, kwa sababu anaweza kupaliwa. Atazamwe saa dalili zilipoanza, apelekwe hospitali mara moja, wala asiendeshe gari mwenyewe. Katika kibanda umiza, hatari kubwa ni wenzake kudhani amezidiwa na matokeo, wakamcheka au wakamlaza pembeni apumzike. Wenye vibanda wangefanya vyema kujua namba ya gari la wagonjwa la karibu, au angalau ya bajaji isiyolala.

Kwa waliobaki, yaani wengi, kuna mambo machache yaliyothibitika kusaidia. Watafiti Yann Cornil na Pierre Chandon walichapisha mwaka 2013 kazi iliyoonyesha kwamba siku moja baada ya timu ya mji kufungwa, watu wa mji huo walikula mafuta mazito kwa asilimia 16 zaidi ya kawaida yao. Chipsi na nyama choma ya kujiliwaza ni jambo la kila nchi, kumbe. Lakini katika majaribio yaliyofuata, mashabiki walipokaa na kuandika mambo wanayoyathamini maishani mbali na mpira, tamaa hiyo ilitoweka. Haihitaji karatasi. Seremala akirudi kwenye mlango anaoutengeneza, akaona maungio yamekaa sawa, amekumbushwa kwamba yeye si matokeo ya jana peke yake.

Jingine ni kukaa na waliofungwa wenzako. Utafiti uliofanyika kwa mashabiki wa klabu za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba wale wa klabu zilizoteseka zaidi ndio walioshikamana zaidi, na ndio waliokuwa tayari kujitolea kwa wenzao. Mzee anayekwenda kijiweni Jumatatu jioni, akachambua na wenzake kosa la beki na kosa la kocha mpaka kahawa ikapoa, anafanya jambo jema kuliko anayejifungia chumbani. Historia nayo husaidia, kwa kuwa katika utani huu hakuna asiye na kovu. Yanga iliifunga Sunderland 5 kwa 0 mwaka 1968. Simba ikailipa Yanga 6 kwa 0 mwaka 1977, siku ambayo Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu, na ikaifunga tena 5 kwa 0 mwezi Mei 2012. Mashabiki wa Yanga waliokuwa watu wazima mwaka 2012 waliishi miaka kumi na moja na vidole vile vile, na wengi wao ndio waliokuwa wakivinyanyua Novemba 2023. Nesi wetu huenda ni mmoja wao, na akitaka kumfariji mgonjwa wake, anaweza kumsimulia alivyotoka Uwanja wa Taifa siku ile ya Mei.

Mwisho wa kliniki, nesi ataandika tarehe ya kurudi. Ratiba ya ligi hubandikwa kila mahali, haina sababu ya kukosekana kwenye ukuta wa kliniki. Tarehe ikiangukia asubuhi ya baada ya mchezo mwingine wa watani, hakuna ubaya kuisogeza hadi Alhamisi. Na kama haiwezi kusogezwa, mzee aambiwe mapema: siku ya mchezo ale saa kumi, ameze vidonge vyake kabla ya kutoka nyumbani, na pakiti aiweke kwenye mfuko wa jezi.